Ubao Mgongoni mwa Kailemia

Mume wangu alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo aliitwa starehe. Kochi la sebuleni alilikalia ukingoni kama mgeni aliyekuja kuposa. Tuliponunua godoro jipya alilalamika mpaka nikamtandikia mkeka sakafuni ili nipate amani. Na ndani ya lori, alikoishi zaidi ya alivyoishi nyumbani, aliweka ubao mtupu wa mtarakwa kati ya mgongo wake na kiti, asije akaegemea kitu laini akasinzia.

Elimu hiyo aliitoa Laare. Ujanani alikuwa akikimbiza miraa kutoka huko hadi Nairobi kwa pikapu, na miraa haimngoji mtu. Ikichelewa imekuwa majani ya mbuzi. Madereva wa kule walikuwa na imani moja wasiyoijadili: kiti kizuri kinaua. Walikuwa wamewazika wenzao waliolala kwenye usukani. Kwa hiyo dereva mpya alipoanza kazi, wakubwa wake walimchongea ubao, wakauita mwalimu kwa sababu ukisinzia unakuchapa. Sikatai, walikuwa na sababu zao. Lakini Kailemia aliacha miraa akaajiriwa na Kiunga, tajiri wa hapa Githongo mwenye malori ya kupeleka ndizi na viazi Nairobi mchana, mizigo isiyo na haraka ya kumuua mtu, na mwalimu akahama naye.

Mimi naitwa Njoki, Muembu wa Runyenjes. Watu husema Wameru ndio wenye hasira. Wanaosema hivyo hawajawahi kunioa. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo pale sokoni, na wateja wangu wote walijua ugomvi wangu na ule ubao, maana niliupigania hadharani.

"Baba Linda, hicho kiti kilitengenezwa na watu wamesomea mgongo," nilimwambia. "Wewe unaweka hapo ubao wa kujengea kuku."

"Hao wamesomea mgongo hawajawahi beba miraa," alijibu, na wateja wakacheka, na mimi nikampimia mtu dawa ya kupe.

Ubao ulimsukuma mbele mpaka kifua kikakaribia usukani. Shingo ilitangulia, kidevu kikatoka nje kama cha kobe anayechungulia, mabega yakapanda karibu na masikio. Akishuka kwenye lori jioni alichukua muda kunyooka, kisha akanyooka nusu. Akajisifu kwamba hajawahi kusinzia hata mara moja, na kweli hajawahi.

Lakini nisimseme tu vibaya. Mtu huyu alikuwa na gita, na niseme wazi, nilimpenda kwa sababu ya gita. Nilimwona mara ya kwanza akipiga kwenye harusi ya binamu yangu kule Embu, nikasahau kupakua chakula cha wageni. Jumapili kanisani alipiga nyimbo za watu wote. Nyumbani alipiga zake, ambazo hazikuwa na maneno. Alizipa majina ya mito anayoivuka akienda kazini: Nithi, Thuci, Rupingazi, na nyinginezo. Nithi ilianza polepole kama lori linaloteremka kwa gia ndogo, halafu vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaanza kukimbia juu, vikishuka na kupanda, na hapo ndipo mimi jikoni niliacha mwiko.

Nyimbo hizo hazikuwa zimeandikwa wala kurekodiwa popote. Zilikuwa kwenye mikono yake tu. Ndugu yangu mdogo, Ireri, ana studio Embu mjini, juu ya duka la vipuri, na kila tulipomtembelea alimsihi shemeji yake aje arekodi. Kailemia alisema bado. Alitaka zikamilike kwanza. Akistaafu, alisema, hizo nyimbo ndizo atakazoacha duniani, maana lori ni la Kiunga.

Kisha gita likaanza kuugua. Hivyo ndivyo alivyosema yeye. Kamba zikawa zinakwaruza, noti nyingine zikawa zinakufa kabla ya kuzaliwa. Alibadilisha kamba. Akalipeleka kwa fundi akalisugua shingo. Akalaumu baridi ya Githongo, akalaumu panya, akamlaumu Gacheri, mke wa shemasi, kwamba alilisogeza akifagia kanisa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wakati huohuo vikombe vilikuwa vinamponyoka mkononi, na hapo alilaumu sabuni.

"Huo mkono una nini?" nilimuuliza.

"Nimeulalia."

"Kila siku unaulalia?"

"Mama Linda, mkono hauna kitu. Ni kama siafu kidogo tu wanatembea. Ni baridi."

Nilimwambia aende hospitali. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa kelele, nikamtuma hata pasta. Sikio la kufa halisikii dawa. Badala ya kwenda hospitali alimpigia simu Linda, binti yetu anayefanya kazi hotelini Doha, akamwambia kwa sauti ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani kwamba gita linakufa.

Linda humpenda baba yake kupita kiasi. Alipokuja likizo alileta kitu ambacho Githongo haikuwa imekiona. Lilikuwa gita la umeme lisilo na kichwa; shingo ilikatika pale ambapo vigingi vya kukazia kamba huwa, na vigingi vyenyewe vilikuwa chini, na mota ndogo ndani. Ukibonyeza kitufe, kamba zinajikaza na kujilegeza zenyewe mpaka zinakubaliana. Halikuhitaji waya wala spika kubwa. Lilikuwa na betri kama simu, na sauti za kila aina zilikuwa ndani yake. Lilikuwa jepesi, limechongwa kiunoni likae vizuri kwenye paja. Linda aliingiza programu kwenye simu yangu, nayo ilionyesha kila noti inayopigwa: kijani ikiwa safi, nyekundu ikiwa imebanwa vibaya.

Siku ya kwanza kanisani, waumini walisimama kutazama vigingi vikijizungusha. Karwirwa, mwimbishaji wa kwaya, alisema hilo gita lina pepo, lakini akasema huku akicheka.

Na kwa kweli lilimsaidia. Kamba zake zilikuwa laini, zikikaa karibu na ubao wa shingo, hazikutaka nguvu. Noti zilizokuwa zimekufa zikafufuka. Kailemia akawa kijana. Akawa anarudi safari na kunawa mikono na kuketi na gita kabla hata ya chai. Mimi nilitazama simu nikaona nyekundu zinatokea palepale, kila mara vile vidole viwili vinapofika juu, nikamwambia.

"Hiyo simu yako ni ya bei rahisi," akasema. "Inaona nyekundu kwa kila kitu."

Linda alirudi Doha akiwa na furaha. Baba yake akampigia Ireri mwenyewe, bila kusihiwa. "Shemeji," alisema, "niko tayari sasa. Shida ilikuwa ile gita ya zamani."

Nilifunga duka, tukaenda Embu pamoja kwa lori lake. Njiani aliniimbia Nithi kwa mdomo, na tulipovuka daraja lenyewe akapiga honi. Sijamwona na furaha ya namna hiyo tena, kwa hiyo naitaja.

Studio ya Ireri ni chumba kimoja kilichobandikwa sponji ukutani. Kailemia aliketi kwenye kiti cha magurudumu, ukingoni kama kawaida yake, shingo mbele. Ireri akawasha kompyuta, akampa ishara. Nithi ikaanza. Ile sehemu ya polepole ilikuwa tamu hata nikafumba macho. Kisha vidole vikapanda, na wimbo ukatoboka. Sijui niseme vipi. Palikuwa na mashimo. Noti moja ipo, inayofuata haipo, nyingine inakwaruza.

"Anza tena, shemeji," Ireri alisema kwa upole.

Alianza tena. Ikatoboka palepale. Akaanza tena na tena, akahamia Thuci, Rupingazi, akazipitia zote, na zote zikatoboka. Alisema betri imeisha. Betri ilikuwa imejaa. Alisema mota zinagusa kamba zenyewe wakati anapiga. Alisema kiti kinateleza. Jasho likamtoka, na mimi nikatazama viatu vyangu.

"Hata hii imeharibika," akasema mwishowe. "Linda alidanganywa huko. Walimuuzia takataka."

Ireri akainuka. Kwetu mtu aliyemwoa dada yako humbishii. Unamheshimu hata akisema jua ni baridi. "Shemeji," akasema, "kwa ruhusa yako, hebu nijaribu kidogo, nisikie hiyo shida iko wapi."

Akalipokea gita kwa mikono miwili. Ireri amezisikia nyimbo zile tangu akiwa shuleni, na akapiga Nithi. Hakuipiga kama Kailemia. Haikuwa na ule mteremko. Lakini pale juu, kila noti ililia. Zote. Hakuna hata moja iliyokosekana. Alipoona anachokifanya akaacha katikati, akaliweka gita mezani kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza dawa ya panya kwa kipaza sauti. Kailemia aliuinua mkono wake wa kushoto, akautazama upande wa nje, akautazama upande wa ndani. Akajaribu kukinyoosha kidole cha mwisho. Kikaja kidogo, kikarudi.

Nilikuwa nimengoja miaka nishinde ugomvi wa ule ubao. Nilishinda siku hiyo, na sijawahi kushinda kitu kichungu namna hiyo.

Hospitali tulienda Meru mjini. Daktari alimpiga picha za shingo, akatutuma kwa Virginia, mama wa mazoezi ya viungo, mtu mwenye sauti ya chini na mikono yenye nguvu.

"Mzee," Virginia akasema, "hebu nionyeshe vile wewe hukaa kwa lori."

Kailemia akaketi kwenye kiti, akaomba faili gumu lililokuwa mezani, akaliweka nyuma ya mgongo. Akashika usukani usiokuwepo. Shingo ikaenda mbele yenyewe. Virginia akamzunguka, akaweka kidole chini ya kisogo.

"Kichwa ni kizito, mzee. Kikikaa juu ya mabega, mabega yanakibeba. Kikienda mbele hivi, ni shingo inakibeba, mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka. Sasa hapa shingoni ndio mshipa wa hivi vidole viwili unatokea. Umebanwa."

Akamfundisha upya, kama mtoto. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti. Mgongo uegemee. Magoti yabaki yamekunjwa kidogo. Kiti kisogezwe karibu na usukani, mtu asiufuate usukani kwa shingo. "Ukishakaa hivyo, ndio unarekebisha vioo," akasema. "Ukianza kujikunja, hutaona nyuma vizuri, utajua umekosea. Na usimame mara kwa mara, ushuke, utembee."

"Na usingizi je?" Kailemia akauliza.

"Usingizi ukikuja unaweka gari kando, unalala. Dawa ya usingizi ni kulala. Si ubao."

Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Mtu angeyajua Laare ujanani mwake, angeyafuata bila hata kutoa jasho. Kailemia aliketi vile alivyoambiwa, wima, mikono magotini, akauliza lile swali moja lililomleta.

"Sasa nikikaa hivi, vidole vitarudi?"

Virginia akaushika mkono wake, akabonyeza pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Palikuwa na bonde. Mimi nililala kando ya mkono huo kila siku na sikuwa nimeliona. "Hii nyama imeisha, mzee. Na haikuisha jana."

"Operesheni?"

"Wanaweza kufanya, isiendelee. Mambo ya kurudisha, siwezi kukudanganya."

"Daktari," akasema mume wangu, "mimi ni mtu wa gita."

Virginia aliendelea kuushika mkono kwa muda, halafu akamwandikia siku ya kurudi.

Tulipofika nyumbani aliutoa ubao kwenye lori, akanikabidhi mlangoni. Kitu nilichokipigia kelele miaka yote nilipewa kama kifurushi cha sukari. Niliupasua kwa shoka nikapikia githeri. Mtarakwa unawaka vizuri. Githeri ikaiva, na hakuna aliyeila.

Halafu Ireri akapiga simu. Alikuwa amejaa matumaini, maskini, kwa sababu ni kijana mwema. Siku ile studioni Kailemia alikuwa amepiga nyimbo zake zote, hata zilizotoboka, na kompyuta ilikuwa imezihifadhi. Kwa kuwa gita lile lilirekodi kila kamba peke yake, Ireri aliweza kuona hasa noti gani imekosekana na wapi. "Ni kujaza tu, dadangu," aliniambia. "Mashine inasikiliza vile shemeji hupiga, inatengeneza zile zimepotea na sauti ileile. Hakuna mtu atajua."

Mimi nilishangilia. Nilimburuta Kailemia hadi Embu. Akaketi kwenye kile kiti cha magurudumu, safari hii amefika nyuma kabisa, mgongo umeegemea kama Virginia alivyotaka, na Ireri akabonyeza.

Nithi ikatoka. Mteremko wake, gia yake ndogo, na pale juu vidole vikakimbia kama zamani, kama siku ya ile harusi. Nililia wazi. Nilisema asante Yesu. Kailemia alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea.

"Hizo za juu ni mashine?" akauliza.

"Ndio, shemeji. Hizo tu."

"Na hizi za chini, mashine inaweza?"

Ireri akasita. "Inaweza."

"Wimbo wote? Hata kama mimi sijakuja hapa?"

Ireri akanitazama mimi. "Ikishakusikiliza, shemeji," akasema, "inaweza."

Kailemia akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia. "Futa," akasema.

"Shemeji, labda tu tuweke, ukae ufikirie."

"Futa zote. Hata zile mbovu."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la vipuri chini wakanyamaza. Nilimwambia hizo nyimbo nimezisikia jikoni kwangu miaka yote, ni zangu pia, hana ruhusa ya kuniua masikio. Nilimwambia zile mbovu ndizo ninazozitaka, ndani yake kuna vidole vyake vizima vilivyobaki. Nilimwita majina ambayo Muembu hamwiti mumewe mbele ya ndugu yake.

Alinisubiri nimalize. "Mama Linda," akasema, "zile mbovu ni mimi nikishindwa. Hii nzuri si mimi. Hakuna yangu hapo."

Ireri alinitazama tena. Lakini yule ni shemeji yake, na ni mkubwa wake, na nyimbo ni zake. Akafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua mlango. Nilimwomba baadaye kwa siri aangalie kama imebaki hata moja mahali popote ndani ya ile mashine, na akaniapia kwamba haikubaki.

Sasa Kailemia anaendesha lori la Kiunga kama kawaida. Virginia alisema apumzike, lakini ndizi haziendi Nairobi zenyewe, na kushika usukani hakuhitaji kidole cha mwisho. Mkono usiofaa tena kwa gita unafaa vizuri sana kwa ndizi. Huo ndio ubaya wake. Laiti ungekufa kabisa ningejua namna ya kuomboleza. Anakaa wima, ameegemea, vioo vimewekwa sawa, anashuka na kutembea kila anapofika mji. Kiunga amewaambia madereva wengine wamtazame Kailemia ndipo wajue dereva anavyokaa. Kanisani siku hizi anakaa nyuma. Nyumbani anaongea akiulizwa. Wakati mwingine nikiwa jikoni najaribu kuiimba Nithi kwa mdomo, na nikifika pale juu naona siikumbuki sawasawa, inanipotea kila siku kidogo zaidi, na siwezi kumwuliza.

Linda hatujamwambia. Baba yake alikataa. Alisema mtoto alifanya kazi ya kusafisha vyumba vya watu kwa ajili ya lile gita.

Jumapili iliyopita Linda alipiga simu tukiwa mezani. Niliweka kwenye spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa na unga.

"Mama," akasema, "Baba haniongeleshi kabisa mambo ya gita. Nikimwuliza anasema iko chaji. Iko na shida? Niambie ukweli. Waranti bado haijaisha, naweza kuirudisha wanipatie ingine."

Nilimtazama Kailemia. Alikuwa ameketi wima, mgongo kwenye kiti, mkono wa kushoto chini ya meza.

"Hapana, Linda," nikasema. "Gita haina shida hata kidogo."

"Ai, asante Mungu. Nilikuwa nimeogopa!" Akacheka kule kwake. "Basi mwambie afanye mazoezi ile yake ya Nithi. Nikikuja Krismasi nataka anichezee yote, mpaka mwisho."

"Nitamwambia," nikasema.